Jibu Nililompa Titus

Alhamisi, Mei 1997. Busibwabo.

Mawingu yamejazana upande wa Uganda tangu saa nne, lakini mvua haitaki kuja. Nami niko vivyo hivyo. Nimeketi, nimesimama, nimezunguka nyumba, nimeketi tena. Chai niliyoachiwa na mama imepoa. Mwenyewe amechoka kuniuliza nina nini, amechukua jembe akaenda kupalilia mtama, akaniacha na daftari hili.

Afadhali. Ninalotaka kuliandika siwezi kumwambia mtu uso kwa uso.

Hii ni wiki ya tano tangu chuo kikuu kifungwe. Wanafunzi waligoma, wakaamriwa kuondoka kabla ya jioni, na sisi wahadhiri tukafuata na mabegi yetu kila mtu kwao. Wenzangu wanasema ni likizo ya bure. Mimi sijui kupumzika. Somo langu lenyewe halipumziki.

Ninafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu sayansi ya ubongo pamoja na akili bandia, yaani namna seli za kichwani zinavyojifunza, na namna kompyuta inavyoweza kuziigiza zile seli na kujifunza. Nilipolianzisha somo hili nilikuwa na vitabu viwili na noti nilizorudi nazo kutoka ng'ambo. Nilidhani zitanitosha miaka kumi. Hazikutosha hata miwili. Kila nikipata jarida jipya, nakuta jambo nililolifundisha muhula uliopita limeshatiwa shaka na watu walio mbali, wenye maabara, ambao hawajui kwamba mimi niko hapa nalihubiri.

Maktaba yetu iliacha kuagiza majarida. Kwa hiyo nina rafiki, tulisoma pamoja, sasa anafundisha Kampala. Yeye hunitolea fotokopi, anazifunga kwenye bahasha ya kaki na kumpa kondakta wa basi. Mimi huenda kuzichukua Malaba.

Juzi Jumanne nilienda kuchukua bahasha.

Nilipoipata sikungoja kufika nyumbani. Niliifungua palepale kando ya barabara, malori yakiwa yamepanga foleni hadi nisikoona mwisho, wabadilishaji pesa wakinipigia miluzi wakidhani nahesabu noti. Ya kwanza niliyoisoma ilihusu watu waliopigwa na kiharusi wakapooza mkono. Si waliopigwa juzijuzi. Ni watu waliokuwa wameishi na mkono uliolala mwaka, miaka miwili, zaidi. Walifungwa ule mkono mzima, wasiweze kuutumia, wakalazimika kufanya kila kitu kwa ule mgonjwa. Siku baada ya siku, saa baada ya saa. Na mkono ukaanza kurudi. Si wote, wala si kikamilifu. Lakini ulirudi kuliko sisi wote tulivyofundishwa kwamba inawezekana.

Nilisoma nikiwa nimesimama, mpaka mwisho.

Nilikuwa nimemkumbuka Titus.

Titus Etyang alikuwa katika darasa langu mwaka jana. Kijana mrefu wa Angurai, mkimya, alikuwa akikaa karibu na dirisha. Idara yetu ina kompyuta moja inayofanya kazi, na wanafunzi huandikiana zamu. Titus alikuwa akichukua zamu ambazo wengine hawazitaki. Alitengeneza programu ndogo ya mtandao wa seli za kuigiza, akaufundisha kutambua herufi. Ulipojua, akafuta theluthi moja ya zile seli. Mtandao ukasahau, A ukaiita H, H ukaiita kitu kisichokuwapo. Kisha akaufundisha upya na zile seli zilizobaki. Ukajua tena.

Alikuja darasani na karatasi ya matokeo akainua mkono. Nalikumbuka swali lake neno kwa neno.

"Madam, huu mtandao niliukata, nikaufundisha tena, ukajifunza. Mbona ubongo wa mtu mzima ukiumia tunasema hauwezi kujifunza tena?"

Nilicheka. Darasa likacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Nikamwambia ubongo si programu. Nikamwambia kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi. Halafu nikatoa mfano wangu niliokuwa nikiupenda: ubongo wa mtoto ni saruji mbichi, unaweza kuandika jina lako, ubongo wa mtu mzima ni saruji iliyokauka. Kalamu arobaini zikainama kuandika. Ya Titus haikuinama. Alikunja karatasi yake akaketi.

Sasa niseme ukweli wote, maana hapa hakuna anayenisoma.

Si kwamba sikujua. Siku ile nilikuwa nimeshasikia fununu. Nilikuwa nimesoma mahali, kwa harakaharaka, kwamba kuna watu wanaopinga hii habari ya saruji, na kwamba hata nyani wazima wameonekana wakijifunza upya. Niliiweka kando. Mtihani ulikuwa umeshatungwa. Na mimi ni mwanamke peke yangu katika idara ile. Nimeona wanavyotazamana nikisema "sijui". Uhakika ulinipa heshima, nikauchukua.

Hata hivyo, nikiwa pale Malaba na karatasi mkononi, nilijipa moyo. Lilikuwa swali la darasani tu. Nitamtafuta kijana chuo kikifunguliwa, nimwambie alikuwa sahihi, tucheke.

Ndipo nikakutana na Auma.

Auma alikuwa darasa moja na Titus. Baba yake ana ofisi ya kutoa mizigo forodhani, na tangu chuo kifungwe anamsaidia kujaza fomu. Alitoka mbio kunisalimu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Tukaongea habari za mgomo, nani yuko wapi, nani ameolewa. Nikamuuliza habari za Titus.

"Titus? Si aliacha, Madam. Kitambo. Yuko kwao na mamake. Yule mama alipata stroki hata kabla hatujaanza somo lako. Dada yake ndiye alikuwa anamwangalia, halafu akaolewa Tororo."

Nikauliza huyo mama amepooza wapi.

"Mkono," Auma akasema. "Si unakumbuka alikuuliza darasani?"

Sikulala vizuri Jumanne. Jana asubuhi, kabla mama hajaamka kunizuia, nilirudi Malaba, nikapata pikapu inayopeleka bidhaa sokoni Angurai, na kutoka sokoni nikachukua boda ya baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa mtu mzima, anamjua kila mtu. Kwenye mlima alishuka akasukuma, nami nikashuka nikatembea kando yake, bahasha nimeikumbatia. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Nilianza na "Titus, sayansi inabadilika," nikaona ni maneno ya mtu anayejitetea. Nikayaacha. Nikajaribu mengine. Hayo pia yakawa ya kujitetea.

Kwao kuna mwamba mpana nyuma ya nyumba, na juu yake walikuwa wameanika mihogo. Titus alikuwa amechuchumaa akiigeuza. Aliponiona alisimama polepole. Amekonda. Aliniangalia mimi, akaiangalia njia niliyotokea, kama anayetaka kujua niko na nani.

"Madam. Kuna nini? Wamefungua?"

"Hawajafungua. Nimekuja kukuona wewe."

Mama yake alikuwa kwenye kigoda, mlango wa nyuma, anachambua karanga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa pajani, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukitoa. "Yoga!" akanisalimu kwa Kiteso, akanipa ule wa kushoto akiomba radhi, nami nikaushika kwa mikono yangu yote miwili kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Si mzee kama nilivyowazia. Ana macho ya kuchekacheka, na neno likimgomea mdomoni hulingoja bila aibu mpaka litoke.

Nilikataa kiti. Nilijua nikiketi nitaanza habari za mvua.

Nikamwambia Titus palepale, yeye akiwa bado na vumbi la mihogo mikononi. Nikasema: swali lile uliloniuliza, nilikujibu vibaya. Ulikuwa na haki. Na sikukosea kwa kutojua tu. Nilikuwa nimeanza kusikia, nikanyamaza.

Nikampa karatasi.

Alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, kama alivyokuwa akisoma darasani. Alifika ukurasa wa tatu, akaurudia tangu juu.

"Wanafunga mkono mzima," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nimeshamfunga."

Sikuelewa.

"Likizo ile kabla ya somo lako. Nilimfunga huu wa kushoto na leso. Hakuna mtu aliniambia. Nilifikiria tu, kama ni mtandao, si lazima upewe kazi ndiyo ujifunze? Wiki tatu. Akaanza kushika kikombe, Madam. Kikombe cha plastiki, bila chai. Nikarudi chuo, dada akabaki anamfunga, nikasema wacha niulize mtu anajua."

Akakunja karatasi, kisha akaikunjua tena.

"Ukasema ni saruji. Nikarudi nyumbani nikamfungua. Nilijiambia namtesa mama yangu bure."

Kuna maneno ambayo mtu akikuambia kwa hasira unaweza kuyabeba. Titus hakuwa na hasira. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia.

Niliketi. Si kwenye kiti; niliketi chini, kwenye ukingo wa mwamba. Nikasema nisamehe. Nikalisema tena, na mara ya pili lilikuwa dogo kuliko ya kwanza. Mwaka mzima. Mwaka mzima mkono ule umelala pajani kwa sababu ya mfano wangu mzuri.

Mama yake akaacha karanga. Alikuwa amesikia yote.

"Huyu ndiye mwalimu yako?" akamuuliza Titus. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wacha nikuambie. Siku hiyo kijana alinifungua, mimi nilifurahi. Alikuwa amenifunga kama mbuzi ya soko. Nikitaka kujikuna, nangoja yeye atoke shamba."

Titus alitabasamu bila kutaka. Mimi sikuweza.

"Sasa mnataka kunifunga tena?"

Nikamweleza, kadiri nilivyoweza bila maneno ya chuo. Nikamwambia kwamba huko mbali wamejaribu na wengine wamesaidika. Nikamwambia pia kwamba sijui kama yeye atasaidika, kwamba muda umepita, na kwamba mwaka jana ingekuwa rahisi kuliko leo. Hilo la mwisho nilitaka kuliruka. Nililisema.

Akachambua karanga mbili tatu. Halafu akauliza swali ambalo tangu jana halijanipa nafasi ya kuketi.

"Na hiyo karatasi mpya, nani amesema ndiyo ya mwisho? Mwaka kesho si utarudi hapa useme tena ulikosea?"

Nilikuwa na majibu. Nina shahada tatu za majibu. Ningeweza kumweleza namna ushahidi unavyojengwa, namna kosa la leo linavyosahihishwa kesho, na namna huo ndio uzuri wenyewe wa sayansi. Nikamwangalia mkono wake, nikaona hayo yote ni mazuri kwa mtu mwenye mikono miwili.

"Inawezekana, mama," nikasema. "Ikiwa hivyo, nitarudi niseme."

"Eh." Akaninyooshea kidole cha kushoto. "Basi ukirudi, beba sukari. Leo umekuja mikono mitupu."

Titus alikuwa ameshachuchumaa mbele yake. Kwenye karatasi wanasema wanaosaidika zaidi ni wale wanaoweza bado kuinua kifundo cha mkono, hata kidogo. Aliuweka mkono wa mama yake ukingoni mwa goti, kiganja chini, akamwambia jambo kwa Kiteso, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Mama akakunja uso. Tukautazama ule mkono sisi watatu, nami sijawahi kuutazama mkono wa mtu namna ile.

Hakuna kitu.

Akajaribu tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha kifundo kikainuka kidogo sana, kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka, kikatetemeka, kikaanguka.

"Nimeona," Titus akasema. "Madam, umeona?"

Niliona.

Nilitaka kulia, nikajizuia. Halikuwa kosa lao kwamba nimekuja, na sikutaka waanze kunibembeleza mimi.

Mama alitoa masharti yake yeye mwenyewe. Hatafungwa siku nzima, atafungwa asubuhi mpaka saa sita. Siku ya kanisa hafungwi. Na kitu cha kwanza atakachofanya kwa mkono huo si kushika vikombe vitupu kama mtoto, ni kuchambua karanga, hata ikiwa moja kwa siku, kwa sababu karanga ni kazi na kikombe kitupu ni mchezo. Titus alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kitambaa. Alirudi pia na daftari na kalamu, akaanza kuchora jedwali: siku, saa, karanga ngapi. Nikamwona tena yule wa kwenye kompyuta, zamu ambazo hakuna anayezitaka.

Tulizungumza kidogo kabla sijaondoka. Nilimwambia nitamwandikia mkuu wa idara kumwombea nafasi yake. Sikuahidi zaidi ya hapo. Nimeahidi vya kutosha katika maisha yangu.

"Kwanza mama," akasema.

Alinisindikiza mpaka njiani. Mwenye baiskeli alikuwa ameningoja chini ya ukingo wa paa la jirani, anakula muhogo aliopewa. Titus alisimama, mikono mfukoni, akipiga kijiwe kwa ncha ya kiatu.

"Mkifungua, utafundisha tena hii kitu ya mtandao uliokatwa?"

Nikasema ndiyo. Nitaanza nayo.

"Basi sema ni mimi niliuliza."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na tangu jana hayajanitoka. Hakutaka radhi yangu, wala barua kwa mkuu wa idara. Alitaka jina lake likae karibu na swali lake.

Asubuhi hii nimefungua noti za mhadhara wa tisa. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nilikata mstari wa saruji, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha nikajaribu kuandika upya. Tulikuwa tukisema hivi. Mwanafunzi aitwaye Titus Etyang akauliza hivi. Sasa inaonekana huenda ni hivi. Jambo hili hatujalijua bado.

Nikasoma nilichoandika. Kinaonekana dhaifu. Wanafunzi wanapenda kitu cha kukariri, na mtihani unapenda jibu moja. Wenzangu watasema nawachanganya watoto wa watu. Pengine kweli nitawachanganya. Nimesimama, nimetembea mpaka kwenye mtama, mama amenitazama akaendelea kupalilia, nimerudi.

Somo hili linakimbia, na mimi nalikimbilia kutoka Busibwabo kwa bahasha za kondakta. Sitalifikia. Hilo nimelikubali leo, na linaniuma kidogo tu. Linaloniuma zaidi ni lile darasa. Wataketi arobaini, wataandika ninachosema, na likizo ikifika watakibeba kwenda nacho Khunyangu, Angurai, Turkana, Kwale, kila mtu kwao, na mlangoni huko kuna mtu ameketi anawangoja waseme walichojifunza.

Mmoja atainua mkono karibu na dirisha. Nitajuaje kama anauliza kwa ajili ya mtihani au kwa ajili ya mtu?

Siwezi kujua.

Basi kabla ya kumjibu, nitamuuliza.